Siku Nilipolivika Chujio la Samaki Kitambaa

Mimi Perpetua, fundi cherehani wa hapa Ngara mjini, mtu mzima, mwanakwaya wa sauti ya pili, niliwahi kuponea chupuchupu kuivunja posa ya mdogo wangu wa pekee kwa sababu ya kitambaa cha kufuma. Aibu niliyoipata siku ile naisimulia mwenyewe kwa hiari yangu, kwa maana pale stendi inasimuliwa na watu ambao hawakuwepo na wananiongezea mambo (eti samaki mmoja aliruka akatua kwenye sinia la pilau. Uongo mtupu, hatukupika pilau).

Mnajua mtumishi akipata uhamisho anavyogawa vitu, huyu ndoo, yule kuku, basi jirani yangu alipohamishwa mimi nikaangukiwa na tangi la vioo lenye samaki sita wekundu, pamoja na kijiti cha umeme cha kupasha maji, kwa sababu baridi ya mlima huu wetu wale viumbe hawaiwezi. Kilichokosekana ni chujio, lake lilikuwa limeshakufa. Wiki mbili hazikuisha maji yakawa ya kijani kama kisamvu. Shangazi Eufrasia alipokuja kutoka Murukulazo akasimama mbele ya lile tangi mikono kiunoni, akalitazama sana, akasema, "Samaki haliwi, na kuonekana haonekani. Sasa huyu ni wa kazi gani?"

Ningeweza kuwatoa kwa mtu mwingine yakaisha. Lakini wiki hiyohiyo ndipo zilipokuja habari kwamba wazee wa Deusi, kijana mwalimu wa Nyakahura kule Biharamulo, wanakuja kumposa mdogo wangu Jovitha. Sasa niwaeleze kidogo mnielewe. Wazazi wetu walitangulia Jovitha akiwa darasa la tatu, nikamlea mimi kwa cherehani hii hii, na nikasikia (maneno hayana mlango) kwamba baba mkubwa wa Deusi, Mzee Gaspari, ambaye ndiye angekuwa msemaji wao, ameuliza, "Huyo binti amelelewa na nani? Anatoka nyumba gani?" Swali halina ubaya, hata mimi ningeuliza, lakini liliniingia moyoni likakaa. Nikaapa kwamba huyo mzee akiingia sebuleni kwangu ataona mdogo wangu hakuokotwa njiani. Na sebule yenye samaki wekundu wanaogelea kwenye maji meupe, nani atauliza tena?

Nikampigia muuzaji mmoja wa Mwanza niliyepewa namba yake, kijana mpole mwenye subira ya padri. Akaniambia yapo machujio ya kuzamisha ndani na yapo ya kuning'iniza kwenye ukingo wa tangi, yanavuta maji kwa bomba, yanayapitisha kwenye sponji, yanayarudisha tangini kama maporomoko madogo, na kwa mtu anayeanza hilo la kuning'iniza ndilo jepesi.

"Tangi lako lita ngapi, dada?"

"Limeingia madumu matatu ya lita ishirini."

"Basi chukua hili dogo, linakutosha kabisa."

"Kubwa kuliko yote unalo?"

"Ninalo, ila hilo ni la matangi ya hotelini. Samaki wako watapepesuka."

"Nitumie hilo hilo." (Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.)

Likaja kwa basi, boksi jeusi kubwa kuliko redio ya marehemu baba. Kijana alikuwa ameniandikia maelekezo matatu: nilijaze maji kwanza kabla ya kuliwasha, nisisukume tangi ukutani bali niliachie nafasi, na lisifunikwe na kitu chochote. La kwanza nililipuuza kwa haraka zangu, likanguruma kavu kama mashine ya kusaga, Shangazi akakimbilia nje akidhani ni bomba la gesi. Nikalijaza maji, likatulia, na kwa kweli kazi liliifanya, kesho yake maji yalikuwa meupe unaweza kuhesabu magamba. Lakini wale samaki sita! Walikuwa wanazungushwa kama nguo kwenye mashine, wanapita kushoto, wanarudi kulia, wote wamekodoa macho.

Na lenyewe lilikuwa baya, jeusi, limekaa juu ya tangi kama kunguru. Sasa nyumbani kwangu, kama nyumba yoyote ya heshima, hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, tivii ina kitambaa, friji, makochi, hata jagi la maji lina kofia yake ya shanga. Nikasema na hili litavaa. Asubuhi ya siku ya wageni nikachukua kitambaa changu cha kufuma, kile kirefu cheupe chenye matamvua nilichokifuma Kwaresima nzima, nikalivika: ncha moja ikaanguka mbele, pale maji yanapotokea, ikayatuliza na samaki wakapumua, ncha nyingine ikateremka nyuma ya tangi hadi mgongoni mwa kochi kubwa lililokuwa limegusana na meza ya tangi. Nikarudi nyuma hatua tatu nikatazama. Nilijipenda, jamani. Nilijipenda vibaya.

Haukupita muda wageni wakafika, watano, nikapiga goti, "Shikamoo baba," na Mzee Gaspari akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mzee mrefu, mkavu, suruali ya kijivu iliyonyooshwa mpaka ule mkunjo ungekata nyanya. Nikamkalisha nilipopapanga, kwenye kochi kubwa, mgongo kwenye tangi, ili kila atakayemtazama aone samaki. Urwagwa, pombe yetu ya ndizi, ukaletwa, baba mdogo wetu akawakaribisha kwa niaba ya ukoo, na Mzee Gaspari akaanza. Mtu anajua kuongea yule! Akasema wamepita njiani wakaona ua limechanua ndani ya boma letu, akazunguka huko akarudi, akasifu nyumba, akasifu hata samaki. Mimi pale mlangoni pa jikoni nilikuwa nimevimba kama andazi.

Halafu katikati ya sentensi akanyamaza. Akaendelea, lakini maneno yakawa machache, na akaanza kukaa kama mtu aliyekalia yai. Nilidhani ni uchovu wa safari. Baba mdogo akasema binti aitwe. Jovitha akaingia na kitenge chake kipya, macho chini, akaulizwa kama mila inavyotaka, "Wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Tupokee walichokuja nacho?"

"Pokeeni."

Vigelegele vikapigwa. Baba mdogo akageuka, "Basi msemaji wao asimame, binti amwone, amshukuru." Ndivyo inavyokuwa, mzee anasimama, anampa binti mkono, mambo yanakwisha.

Mzee Gaspari hakusimama.

Tukasubiri. Wenzake wakamtazama. Akashika magoti yake kwa mikono miwili, jasho likamtoka, akasema polepole, "Ndugu zangu, naomba jambo hili tuliahirishe. Tutarudi siku nyingine. Nyinyi tangulieni nje, mimi nitafuata."

Vigelegele vikafia kooni. Jovitha alibaki amenyoosha mkono, haujapokelewa, na nikaona midomo yake inatetemeka kama alivyokuwa akitetemeka siku ile tuliyomzika mama. Shangazi Eufrasia akapiga makofi mara moja, "Mawe, mama yangu! Mtoto wa watu mnamkataa akiwa amesimama?" Baba mdogo akaanza kupumua kwa pua. Na mimi nikawaza moja tu, kwamba ameona. Ameona hatuna baba wala mama, ameona sebule yote hii ni kujikakamua, na mdogo wangu amekosa mume kwa sababu yangu. Iliniuma mpaka nikashika fremu ya mlango.

Katika ukimya ule ndipo nilipoisikia sauti. Chururu, chururu. Maji yanaanguka kwa kelele zaidi kuliko asubuhi. Nikainua macho kwenye tangi: maji yalikuwa yamepungua nusu, samaki wangu sita wamebanana chini. Nikatazama kitambaa. Maji yalikuwa yanatoka kwenye chujio, yanapanda kwenye matamvua, yanatembea kwenye kitambaa changu cha Kwaresima, yanateremka nyuma ya tangi, yanaingia mgongoni mwa kochi, yanazama kwenye godoro la kochi, pale pale alipokaa Mzee Gaspari. Na yalikuwa ya uvuguvugu, jamani, kwa ajili ya kile kijiti cha kupasha. Mzee wa watu, mwenye umri wake, amekaa, anasikia chururu, chururu, na chini yake kuna uvuguvugu unaenea. Mlitaka awaze nini?

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Na niseme ukweli, sekunde moja nilifikiria kunyamaza, kwa maana nikisema, aibu inahama kutoka kwake inakuja kwangu, mbele ya koo mbili. Lakini mkono wa Jovitha ulikuwa bado hewani.

"Baba, samahani!" nikapiga kelele. "Baba, si wewe! Ni mimi! Ni samaki! Ni kitambaa!"

Nikaruka kwenda kukivuta. Ningekivuta taratibu ningekuwa nimeokoka, lakini matamvua yalikuwa yamejisokota kwenye bomba la chujio, basi nilipovuta kitambaa kikaja na chujio zima, lile la matangi ya hotelini, na tumbo lake lote la maji, likapinduka juu ya kichwa cha Mzee Gaspari. Lote. Sponji likamkaa begani. Shangazi akaruka akachomoa waya ukutani huku akimtaja Bikira Maria.

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye pua ya mzee. Akalitoa sponji begani, akalitazama. Akageuka akapapasa kochi, akakamua mto, maji yakatoka. Akageuka akatazama tangi. Kisha uso wake ukaanza kufunguka pole pole, na akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayesali, "Ni samaki?"

"Ni samaki, baba."

"Si mimi?"

"Si wewe, baba. Ni mimi."

Akasimama! Akasimama wima, suruali imelowa kuanzia kiunoni hadi magotini, akainua mikono yote miwili juu, "Ashukuriwe Mungu! Mimi ni mzima! Jamani, mimi ni mzima!" na akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu wa umri ule, akacheka mpaka akamshikilia Jovitha ule mkono wake ili asianguke. Tukaangua wote. Baba mdogo alilia machozi. Shangazi alikaa sakafuni, kwenye maji, hakujali.

Alipotulia hakukubali yaishe hivi hivi. "Kwa mila," akasema, "faini hutozwa upande wa muoaji. Leo nawatoza nyinyi. Huyu mwanangu si ni fundi? Anishonee suruali." Nikampima pale pale, amejifunga kitenge cha Shangazi, huku ile ya kijivu nikiianika juani. Nilipokuwa nimeinama nampima mguu akaninong'oneza, "Niliuliza binti amelelewa na nani. Sasa nimemwona. Mtu mwingine angeniacha nibebe aibu ile mpaka kaburini." Nikashindwa kusoma futi, macho yamejaa.

Siku ya harusi kule Nyakahura alivaa ile suruali, nyeusi, nimeishona kwa moyo wangu wote. Alipopewa kipaza sauti atoe nasaha kwa maharusi, hakusema neno. Alitutafuta kwa macho tulipokaa, akageuka taratibu akatuonesha nyuma, akasema, "Ukoo wa bibi harusi, kagueni. Kavu!"

Samaki wangu bado wapo, wazima, wananawiri, na wana chujio dogo alilonishauri yule kijana tangu mwanzo. Limekaa pale juu ya tangi, jeusi, baya, uchi. Redio itavaa, friji itavaa, jagi litavaa kofia yake, lakini kitu kinachopitisha maji sitakivisha tena mpaka naingia kaburini. Na kile kitambaa, msikiulizie. Mzee Gaspari alikiomba, amekitandika kwenye kiti chake cha mezani, na kila mgeni akiingia anasimuliwa.