Pembetatu ya kumi na tatu iliyoondoka na behewa

Salaam wakuu. Haya yamenipata mwenyewe hapa Kamina, na sijaongeza chumvi.

Shule niliiacha mapema, nikawa mtu wa kuzunguka: Luena, Kinkondja, kisha narudi. Kilichonirudisha ni mzee mmoja, Papa Ilunga, mkaguzi wa mabehewa aliyestaafu.

Wakaguzi huandika ubovu wa behewa kwa chaki ubavuni mwake. Yeye aliandika hesabu, kwenye behewa bovu lililolala stesheni miaka mingi.

Swali lake lilikuwa hili: pembetatu yenye pembe mraba, pande zote ziwe namba nzima au sehemu, na eneo lake liwe 13 kamili.

Ya 6 ni rahisi: 3, 4, 5. Ya 5 alinionyesha: 3/2, 20/3, 41/6. (Pigeni wenyewe, inakubali.) Ya 13 ilimla miaka. Kando ya hesabu alichora yai, na pembeni yake upinde. Nilidhani anajifurahisha tu.

Siku moja akanishika mkono, akitaka niinakili hesabu yote daftarini.

"Kumi na tatu njo hii. Recopier yote mu cahier, mutoto yangu. Miye macho haioni tena."

"Kesho, Papa. Hii wagon iko mufu, itaenda wapi?"

Akacheka. "Weye! Ata mufu banamubebaka." Yaani hata maiti hubebwa.

Nikaenda Kinkondja kununua samaki wakavu. Niliporudi, reli ilikuwa tupu. Behewa limevutwa kuelekea Luena. Nikalifuata. Luena wakaniambia limeshapita.

Nikarudi Kamina, Papa nikamkuta kitandani, mgonjwa.

"Ulirecopier?"

"Ndiyo, Papa."

Akafumba macho, ametulia.

Kwenye matanga, kabla ya kuzika, bintiye aliniomba daftari hilo la hesabu amwekee baba yake sandukuni. Nilimpa jipya, tupu, nimelifunga kamba ili asilifungue.

Baadaye nikatafuta kwenye simu. Kumbe wataalamu huligeuza swali hilo kuwa mchoro: mstari ulionyooka ukipita nukta mbili za mchoro huo, huukata kwenye ya tatu, na hiyo ya tatu huzaa pembetatu nyingine. Namba na michoro, kitu kimoja.

Mchoro wenyewe? Yai, na pembeni yake upinde.

Ya 13 ipo: 780/323, 323/30, 106921/9690.

Nililia, wakuu. Jibu ninalo, ila sitajua kama ndilo lililokuwa kwenye behewa. Sitajua kama mzee alilifikia.

Nilichojifunza: mzee akikuambia nakili, nakili yeye akiwa bado amesimama hapo.

Na wewe unayefanya kazi relini, popote ulipo: ukiona 323 kwa chaki ubavuni mwa behewa, usifute. Piga picha, uniwekee hapa chini.