Vigae Vyeusi

Nilipougua homa ya uti wa mgongo nilikuwa darasa la nne. Nilitoka hospitali nikiwa hai, natembea, nasema kama zamani, ila masikio yote mawili yalikuwa yamekufa. Daktari alimwambia mama kwamba hayatarudi. Mama alimshukuru kwa heshima zote, tukarudi nyumbani Miyuji, na kesho yake akaanza kufunga na kuomba. Simlaumu kwa kuomba. Kinachoniuma mpaka leo kilikuja baadaye, na kilianzia kwenye simu.

Simu ilikuwa ya mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyekuwa anasoma chuo Hombolo na kuja kwetu mwisho wa wiki. Aliponunua nyingine, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka akanipa mimi. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa muziki. Vigae vyeusi vinashuka kutoka juu ya kioo, unavigusa kabla havijafika chini, na kila kigae ukikigusa kinatoa sauti ya kinanda. Ukivigusa vyote kwa wakati wake, wimbo unatoka mzima. Ukikosa kimoja, umekwisha.

Watoto wa jirani walikuja kushindana nami, na wote niliwatoa kamasi. Wao walikuwa wanasikiliza. Wimbo ukiwakolea wanatangulia, vidole vinakimbia mbele ya vigae, wanakosea. Mimi sikuwa na cha kusikiliza. Niliangalia tu, nikavikariri vigae hadi vidole vikawa vinajua njia vyenyewe. Majina ya nyimbo yalikuwa ya Kiingereza, sikujua ni nyimbo gani, wala sikujali. Kabla ya kuugua nilikuwa mwimbaji wa kwaya ya watoto kanisani. Baada ya kuugua nikiimba wenzangu wanazibana mbavu kwa kicheko. Kwenye ile simu hakuna aliyenicheka.

Lazima niseme pia jinsi mama alivyokuwa siku zile, kwa sababu ndicho nilichopoteza. Akitaka kusema nami alinigusa bega, akachuchumaa mbele yangu, akatamka polepole mpaka niyaone maneno mdomoni mwake. Hata akiwa amechoka. Hata akiwa amekasirika, alinigeuza kwanza ndipo akanigombeza. Mama mdogo alikuwa amenitafutia nafasi katika shule ya bweni ya viziwi, na mama alikubali, ingawa kwa shingo upande. Tranka lilinunuliwa, jipya, la bluu. Ndani tulishaweka shuka, sabuni na sahani ya bati. Nilikuwa nalifungua kila siku kuhakikisha havijaondoka.

Ulikuwa msimu wa zabibu, na mama alikuwa anakwenda Makutupora kuchuma kwenye mashamba ya watu. Siku hiyo kazi iliisha mapema. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mgongo nimeupa mlango, nacheza. Kilichotokea nyuma yangu nilikuja kuambiwa. Mama alisimama mlangoni akasikia wimbo wa Krismasi, ule tuliokuwa tunauimba na kwaya, unatoka mzima bila kosa chini ya vidole vyangu. Niliposhtuka alikuwa ameshapiga magoti pembeni yangu, machozi yanamtiririka, mikono yake yenye utomvu wa zabibu imenishika kichwa.

"Unasikia," midomo yake ilisema. "Mwanangu, unasikia."

Nikamwambia sisikii. Lakini tayari alikuwa amesimama anacheza katikati ya chumba.

Jumapili alinipeleka mbele kanisani kutoa ushuhuda. Mchungaji alinisimamisha juu ya jukwaa, uso wangu kwa waumini, yeye akarudi nyuma yangu. Nadhani aliniita. Naona watu wamekaza macho, wanasubiri, na mimi nasubiri nao. Mama alikuwa safu ya mbele, amejifunga mikono kifuani, midomo inakwenda kwa Kigogo, lugha anayoombea. Sijawahi kumwona mtu anaomba vile. Kisha mchungaji akaashiria, na mpigaji wa ngoma kubwa ya kwaya akaipiga kwa nguvu zake zote.

Jukwaa lile lilikuwa la mbao. Mshindo ulinipanda kupitia nyayo mpaka magotini, nikashtuka, nikageuka.

Kanisa zima lilisimama. Sihitaji masikio kujua kelele zile zilivyokuwa, niliona vinywa vyote vimefunguka kwa haleluya. Mama alianguka kifudifudi, wanawake wakamzunguka na khanga.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Mama, ni zile mbao. Nilihisi kwa miguu." Akaniziba mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa alisema polepole, nikaona kila neno: "Usiukane uponyaji kwa kinywa chako. Ukiukana, utaondoka." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pale kanisani. Aliyepona hatamki tena ugonjwa. Kwa hiyo kila nilipomwambia ukweli, nilikuwa najitia kiziwi upya, na yeye alikuwa ananiombea nisamehewe.

Mama mdogo alikuja Jumamosi, wakagombana mbele yangu.

"Dada, mtoto hasikii. Huu mchezo anaucheza kwa macho."

"Wewe na usomi wako wa Hombolo. Mungu hasomeshwi chuoni."

Mama mdogo akachukua simu, akazima sauti kabisa, akamwonyesha mama, kisha akanipa nicheze. Nilicheza kama ninayepigania roho yangu. Nilijua nikimaliza bila sauti, mama ataelewa, na tranka langu litapanda gari. Nilimaliza bila kukosa kigae hata kimoja. Nikainua uso.

Mama alikuwa anatabasamu. "Umeona?" alimwambia mdogo wake. "Hata sauti haipo, na bado anaisikia."

Nilitamani kuitupa simu ukutani. Niliishika tu, kwa sababu sikuwa na kingine.

Nafasi ya shule ikaenda kwa mtoto mwingine. Tranka likawekwa unga. Nikarudishwa shule ya kawaida, benchi la nyuma, kwa mwalimu anayefundisha uso ameuelekeza ubaoni, na niliambulia viboko vya kutoitika. Mtaani wazee walinipita kwa nyuma, sikuwaamkia, wakasema binti wa fulani hata shikamoo hana siku hizi. Wakati wa ukiziwi nilihurumiwa. Baada ya kuponywa nikawa jeuri.

Na mama hakunigusa bega tena. Kwa nini aniguse, na mimi nasikia? Alisema nami akifagia, akichochea moto, akiwa chumba cha pili. Nilikuwa naona mgongo wake unatikisika kwa maneno, nisijue kama ananituma, ananisifu au anasimulia. Akigeuka na kukuta sijafanya kitu, uso unakunjamana. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, na hiyo niliisoma mara nyingi hadi nikaijua hata kwa jicho moja. Nilimkasirikia sana mama. Nilimkumbuka pia, naye yuko palepale.

Tuliishi hivyo mpaka nikawa msichana mkubwa. Mama akapata presha, akaacha kwenda Makutupora. Mchana mmoja alisema atalala kidogo, akaingia chumbani. Nilimfunika, nikakaa sebuleni karibu na dirisha, penye mwanga. Nilicheza vigae.

Mama mdogo ndiye aliyefika na kumkuta. Alipita nyuma yangu akaingia, kisha akatoka mbio akanivuta mkono. Mama alikuwa sakafuni, karibu kabisa na mlango wa sebule, bado anapumua. Sakafu ya nyumba yetu ni ya saruji. Haileti kitu miguuni.

Hospitali walinizuia nje kwenye benchi, wakamruhusu mtu mmoja. Mama mdogo alipotoka nilijua kwa mabega yake. Nilimuuliza mama alisema nini. Akageuza uso nisione midomo yake. Nikamshika mikono miwili, nikamlazimisha.

"Alisema alikuita sana," akatamka mwishowe. "Akasema nikwambie amekusamehe."

Nilimwomba arudie, nikitumaini nimesoma vibaya midomo yake. Akachuchumaa mbele yangu, akarudia polepole.