Mwalimu Domitila na Ngokela ya Usipa

Mtazame anavyokuja. Jua limeshachemsha mchanga wa ufukweni, na mwanamke mfupi anashuka kwenye pikipiki akiwa amevaa sweta la sufu, lile la baridi ya Kitura, kwao milimani Umatengo, kalifunga vifungo mpaka shingoni. Viatu vimejaa udongo mwekundu wa milimani. Jasho linamtiririka, naye anacheka. Mtoto mmoja anamwuliza, "Shikamoo Mwalimu, unaumwa homa?" Anacheka zaidi, mpaka anashikilia kiti cha pikipiki asianguke.

"Siumwi, mwanangu. Nimebeba baridi ya kwetu nije niwagawie."

Ndivyo Mwalimu Domitila alivyofika kijijini kwetu, huku kata ya Kihagara, nasi tukasemezana kwamba mwaka hautaisha kabla hajaomba uhamisho. Tulikosea. Alifundisha hapa mpaka akastaafu, na ndugu zake walipomfuata warudi naye milimani, aliwakaangia samaki, akawaimbia, akawasindikiza stendi.

Ningeweza kukusimulia mengi juu yake, ndugu yangu, lakini leo nina moja tu, nalo linaninyima raha. Shule zinafunguliwa Jumatatu na jambo lenyewe halijaisha.

Kwanza ujue kwamba mama huyu hakuwa mtu wa kukaa. Akikuta mgonjwa amelala, anafagia uwanja wa mgonjwa kwanza, ndipo anaingia ndani kusali naye. Yeye Mkatoliki, lakini hakuuliza mgonjwa anasali wapi. "Mungu ananipa pumzi kila asubuhi," alikuwa akisema, "sasa nikae nayo nyumbani nifanye nini?" Baada ya kustaafu alianzisha masomo ya jioni kwa watoto wa darasa la saba, kwenye kibanda cha parokia, bila malipo. Na huko ndiko alikogundua kwamba Aurelia haonekani.

Aurelia ni binti wa Leopold, mvuvi wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mama yake alishafariki. Leopold huvua usiku, na mchana lazima alale. Sasa usipa ukishaanikwa kwenye chanja unahitaji mtu wa kuugeuza, wa kufukuza kunguru, na zaidi wa kuuzoa haraka mvua ikija. Mtu huyo alikuwa Aurelia. Shuleni alikwenda siku moja, akakosa mbili.

Mwalimu alikwenda kupiga hodi.

"Karibu, Mwalimu," Leopold akasema. "Ila kama umemfuata mtoto, mtoto ana kazi."

"Sikumfuata mtoto, Baba Aurelia. Nimeifuata kazi."

Leopold akacheka. "Mmatengo wewe unajua nini cha usipa? Utaupalilia?"

"Ukiota, nitaupalilia. Haya, nionyeshe unavyogeuzwa."

Akakunja gauni, akaanza. Alikuwa anageuza usipa huku anasali rozari kwa sauti, na kunguru wakitua anakatiza Salamu Maria, anawafokea kama wanafunzi watoro, kisha anaendelea palepale alipoachia. Kesho yake alikuja na jirani yetu Beata. Siku ya tatu akamvuta Yuliana, jirani mwingine, nami nikavutwa. Tukawa tunapokezana, Aurelia akarudi darasani.

Leopold hakufurahi. Alitukuta pale, akasimama na nyavu begani.

"Mwalimu, mimi sikumwita mtu hapa."

"Kwani jua uliliita? Mbona unalitumia kuanikia?"

Tulicheka mpaka Beata akaketi mchangani. Mwalimu mwenyewe akajifuta machozi, ndipo akamweleza. Kwao Umatengo jambo hilo wanaliita ngokela. Watu wanakwenda shamba la mmoja leo, kesho la mwingine, na kila aliyesaidiwa anairudisha nguvu kwa wenzake.

"Mimi sina shamba la kuwaalika," Leopold akasema.

"Una mikono. Paa la Bibi Kunigunda linavuja, na Bibi yumo kwenye zamu za hapa kwako. Yeye ndiye anayefukuza kunguru, hukumwona na fimbo yake?"

Leopold akaezeka paa. Bibi Kunigunda alikaa chini akimwelekeza. "Hapo pana tundu! Wewe unaona samaki gizani, tundu mchana huoni?" Tangu siku ile akawa mmoja wetu, na mara nyingine alituachia usipa wa kuchoma na ugali wa muhogo.

Aurelia akafanya mtihani wa taifa Septemba.

Mwalimu hakuyaona matokeo. Jumapili moja baada ya misa alisema anahisi kizunguzungu, akaketi kwenye ngazi za kanisa. Tulipomwona ameketi, tukajua kuna jambo. Ilikuwa presha. Alifia hospitali, tukamzika hapa, kama alivyotaka. Leopold alikuwa kati ya waliochimba kaburi, na kila aliyetaka kumpokea jembe alimkatalia.

Basi matokeo yakatoka, Aurelia akafaulu. Amepangiwa shule ya bweni huko juu, Mbinga. Baba yake amemnunulia sanduku la bati, limewekwa sebuleni ambapo kila anayeingia ataliona. Lakini ni Januari, mvua haina saa. Juzi nilipomwuliza kama atamwachia aende, alinijibu bila hasira, "Sikatai aende. Niambie tu, nikilala, nani atakuwa kwenye chanja? Usipa ukinyeshewa, ada imenyeshewa, unga wa nyumbani umenyeshewa."

Na ngokela yetu? Hakuna aliyeivunja. Yuliana ana palizi ya mpunga, Bibi Kunigunda miguu imevimba, nami nina yangu. Kila mtu anasema atakwenda. Tulizoea kupigiwa hodi, na sasa kila mmoja yuko ndani anasikiliza.

Jana wingu lilikuja kutoka ziwani, jeusi. Nilikuwa najaza ndoo. Nikamwona Aurelia anakimbia peke yake, anazoa kwa beseni, anaangusha, anarudi. Niliacha ndoo. Beata alitokea upande wa pili, kanga inamfunguka. Tuliokoa nusu, nyingine ikarudi kuwa mbichi.

"Kesho nani anakuja?" Beata akauliza, tukiwa tumelowa.

Niliinama kuokota usipa ulioangukia mchangani.

"Mwalimu saa hizi angeshagonga nyumba zote," akasema tena.

"Mwalimu hayupo, Beata."

"Hilo nalijua. Nauliza nani anakuja."

Ndipo Aurelia akasema, taratibu, huku anakamua sketi yake, "Msihangaike, mama zangu. Mimi nitabaki tu. Mwaka mwingine nitakwenda."

Hakuna mwaka mwingine, na sote watatu tulijua. Nafasi ya shule haimngoji mtu amalize msimu wa usipa. Leo ni Alhamisi. Tangu alfajiri nimesimama mlangoni mara kadhaa, natoka, narudi kuangalia jiko, natoka tena. Mlango wa Yuliana umefungwa. Wa Beata umefungwa. Pengine nao wamesimama nyuma ya milango yao wakiutazama wangu. Upande wa Msumbiji mawingu yameanza kupanda.

Ungekuwa jirani yetu, ungetoka ukagonge, au ungengoja kusikia hodi?