Nilivyojifanya Sijui Kusoma

Jumamosi iliyopita nilifua nguo za watu tangu alfajiri. Mgongo uliniuma, lakini nikapita kwa binti wa jirani yangu kama nilivyozoea. Mama yake hushinda sokoni, na mtoto hushinda peke yake. Basi namfundisha kusoma, apate na mtu wa kuongea naye. Siku hiyo alikwama kwenye neno "kuku", wakati juzi tu nilimsikia akisoma kibao kizima cha saluni. Mchezo huo naujua.

Utoto wangu, rafiki yangu, ulikuwa kwenye baraza ya bibi, hapa hapa Mbagala. Asubuhi ilinukia iliki na vitumbua. Mchana nilisikia watoto wa mtaa wakicheza rede bila mimi, maana waliniita bubu. Dada mmoja wa jirani, aliyekuwa amemaliza shule na anangoja matokeo, akamwomba bibi ruhusa ya kuja kila Jumamosi kunifundisha. Hakutaka kitu. Bibi alimwekea tu vitumbua vitatu kwenye kibakuli. Yule dada alivua ndala pembeni, akakaa chini, akaandika maneno sakafuni kwa kipande cha mkaa. Tukimaliza tulicheza mdako. Alirusha kokoto juu, akikosa kuidaka anacheka mwenyewe.

Haukupita muda mrefu nikajua kusoma. Ila alishaniambia kwamba nikijua, kazi yake imekwisha. Kwa hiyo nikaanza kukosea. Kila Jumamosi nilikwama pale pale. Yeye alifuta kwa kitambaa chenye maji, akaandika upya, akafuta tena. Siku moja akauweka mkaa chini.

"Mdogo wangu, labda mie ndiye sijui kufundisha," akasema, akavaa ndala zake.

Jioni ile bibi alinipa bahasha ya dawa yake, akauliza kama naona chochote pale. Nikasoma bila kufikiri: vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Bibi akaichukua bahasha yake.

"Kumbe. Si ungemsomea na mwenzio hivi hivi?"

Nilingoja Jumamosi mbili, hakuja. Nilipopata ujasiri wa kwenda kwao, nikaambiwa amehamia Tegeta kwa shangazi yake. Sijamwona tena. Bibi naye hayupo, na baraza imevunjwa, zimejengwa fremu za maduka. Nikipita pale huwa naangalia chini, kama vile ile sakafu bado ipo.

Basi nikamwambia yule mtoto, "Soma tu, mama. Hata ukijua, Jumamosi nitakuja."

Akavuta kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Kisha akakifunga, akaangalia zilipo ndala zangu.

Nilikuwa nimechoka kweli. Nikamwambia alete kokoto.