Kadi Kwenye Toroli la Chai

Mimi hukaa mapokezi, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kumwona wifi yangu akirudi kazini baada ya miezi minne ya kuuguza goti. Sare ilikuwa imepigwa pasi, nywele zimesukwa upya, na toroli lake la chai limejaa keki kama zamani. Miaka kumi na tisa amelisukuma toroli hilo katika ghorofa zote tano. Jina lake hakuna anayelitumia. Ni Mama Toroli, na hata kaka yangu aliyemuoa humwita hivyo akitaka kumchokoza.

Huwa haulizi mtu anataka nini. Mhasibu ni kipande cha pembeni, kile kilichokauka kidogo. Dada wa mikataba ni vipande viwili, kimoja cha kuficha kwenye droo. Mzee wa masjala, anayetunza mafaili, ni vitatu vyenye zabibu.

Siku hiyo alishuka baada ya nusu saa, macho yamemtoka pima.

"Wifi, huko juu kumeingia nini?"

"Kwani vipi?"

"Watu wanatafuna matango! Matango, wifi, saa nne asubuhi! Mhasibu ana mkebe wa mbegu za maboga, anazihesabu. Nimemwekea keki yake, ameisukuma kwa kidole kama nimemwekea panya."

Nilicheka mpaka machozi. Alipokuwa nyumbani walikuja wauguzi wakatupima presha na sukari, jengo zima, na majibu yaliwatisha wengi. Tangu hapo kila mtu anageuza pakiti kusoma nyuma kabla ya kufungua. Nilipokuwa namweleza, jicho lake likatua kwenye lozi zangu kando ya simu.

"Hata wewe!" akasema, na nikaona ameumia kweli.

Kicheko kiliniisha mchana. Afisa utawala alimwita akamwambia kwamba toroli likiendelea kurudi limejaa hadi mwisho wa mwezi, litaingia stoo, naye atahamishiwa usafi wa ngazi. Ngazi, na goti lile.

Jumamosi nikaenda kwake. Alikuwa ameoka keki ya unga usiokobolewa, karoti na lozi, bila chembe ya sukari. Nikaonja.

"Wifi, hii ni kutafuna boksi," nikamwambia. Maneno hayo ningeweza kuyameza leo, ningeyameza.

Jumatatu alikuja na keki zilezile za rangi ya udongo, akaniomba nimwandikie kadi kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Nikaandika kwa kalamu nene: KEKI ZA AFYA. HAZINA SUKARI. Mara hii zilikuwa zimenoga. Nilipomuuliza amefanyaje, akasema karoti ni mpya kutoka shambani. Nikaamini, mimi na akili zangu zote. Wiki haikuisha, trei zikawa zinakwisha kabla hajafika ghorofa ya nne, na afisa utawala mwenyewe akawa anawekesha kipande. Habari za stoo zikafa.

Wiki ya nne, mzee wa masjala aliingia akitoka kliniki, akakaa kwenye kiti cha wageni kama mtu asiye na mahali pa kwenda. Wauguzi wale ndio waliomgundua kuwa na kisukari. Wifi akatokea kwenye lifti na toroli lake.

"Dada yangu," mzee akamwambia, "mimi nimechoka. Soda nimeacha, wali nimeacha. Kitamu pekee ninachokula ni vipande vyako vitatu. Lakini sukari inapanda tu, na jicho hili la kushoto limeanza kuona ukungu. Daktari ananiuliza ninakula nini kwa siri. Mke wangu amenipekua mpaka mifuko ya koti. Wote wananiona mwongo."

Wifi alishika ukingo wa toroli, vikombe vikagongana.

"Naweka, mzee wangu."

"Unaweka nini?"

"Sukari. Vikombe viwili kila trei. Nilidhani mnacheza. Nilidhani ni mtindo tu, utapita. Nawajua miaka yote hii, mnapenda tamu, nikasema acha niwafurahishe."

Kadi ilikuwa inanitazama pale juu ya trei, kwa mwandiko wangu. Nilitaka kusema sikujua, lakini hakuna aliyekuwa ananiuliza.

Mzee hakupandisha sauti. Alinyanyuka taratibu, akaliweka koti lake sawa.

"Ahsante kwa kuniambia. Leo nitamwambia mke wangu kwamba sikumdanganya."

Wifi alipanda mwenyewe kwa afisa utawala akasema yote. Alipewa barua ya onyo, toroli akaachiwa kwa sharti kwamba abebe vitu vinavyoonekana kwa macho: mayai ya kuchemsha, matunda, matango. Kadi niliichana mimi.

Mzee anamsalimia kila asubuhi na bado anamwita dada. Ila hachukui kitu kwake, hata chai. Akilisikia toroli linakuja, hufungua kopo lake na kumnyooshea.

"Karibu karanga, dada. Nimezichemsha mwenyewe."

Siku ya kwanza wifi alishuka nazo mpaka mapokezi, ngumi imefumbwa, akashindwa kuzila na akashindwa kuzitupa.