Kitabu cha Timu Yetu ya Basketi

Timu yetu ya basketi ilikuwa ya kiwanda. Wachezaji walilipwa mshahara kama wafanyakazi wengine, ila kazi yao ilikuwa kurusha mpira. Mimi nilikuwa karani, na ndimi niliyeandika gazeti dogo la timu, kurasa nne tu, lililouzwa mlangoni kabla ya mechi. Watu wa mtaa wa Kikula walilibandika ukutani, karibu na picha ya Bikira Maria.

Kisha mambo yakaharibika. Mishahara ikakoma, karatasi ikaadimika, na wakubwa wa siasa wakaanza kupiga kelele kwamba watu wa asili ya eneo la Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Kapteni wetu alizaliwa hapahapa Likasi; aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba ni babu yake. Wakamfukuza nyumbani hata hivyo. Akawa analala stesheni na mke na watoto, chini ya turubai, wakingoja treni.

Nilimpelekea unga. Akaupokea, akasema, akiniita yaya kama mkubwa wake: "Aksanti, yaya. Lakini ile kitabu unaandika, uniletee mbele ya treni kufika. Kule ninaenda, hakuna muntu ananijua. Bataona mukimbizi tu."

Kitabu chenyewe kilikuwa historia ya timu, niliyoihangaikia miaka mingi. Nikakipeleka kwa mwenyekiti wa kamati, tuliyemwita prezida, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki na wino wa mashine ya kutolea nakala. Mwenye nguvu mpishe, bwana. Akafungua ukurasa wa fainali, akaweka kidole juu ya majina mawili, la kapteni na la mwenzake wa asili hiyohiyo ya Kasai.

"Aba babili, ubatoshe, ubafute mu kitabu. Biko nakwenda kwabo."

"Prezida, basketi inachezwa na bantu batano. Nikibatosha, tulishinda fainali na batatu?"

"Ku benchi kulikuwa bengine."

Nilibishana naye mpaka mate yakanikauka. Watu wale walitoa jasho hadi tukabeba kombe, na yeye mwenyewe alilinywea bia! Mwishowe akatabasamu, akasema sawa, niache hapo stensili zangu, zile karatasi nilizopiga taipu kwa ajili ya mashine, kitatoka. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Asubuhi moja ikasikika kwamba treni imefika. Nikakimbia ofisini kwa prezida, nikanyakua nakala iliyokuwa bado inanuka wino, nikapanda baiskeli. Nilimkuta kapteni akipitisha masufuria dirishani mwa behewa. Akaketi juu ya furushi, akaenda moja kwa moja kwenye fainali. Akasoma polepole, akarudia tangu juu.

"Yaya," akaniuliza, "siku ile miye nilikuwa wapi?"

Nikampokonya kitabu. Ukurasa ulikuwa umepigwa taipu upya. Vikapu vyake vyote, hata kile cha mwisho kilichotupa ushindi, alikuwa amepewa mtu ambaye siku ile hakuinuka kwenye benchi. Nilimtukana prezida na ukoo wake mzima, mbele ya akina mama na watoto wao.

Kapteni hakutukana mtu. Akachukua kitabu chake, akapanda, akakaa dirishani.

"Andika jina yangu pale kando," akasema. "Mukono yako inatosha."

Nikapapasa mifuko yote. Sikuwa na kalamu. Nikamwomba huyu, nikamwomba yule. Watu walikuwa wameshika vyungu, magodoro, watoto. Nani alikuja pale na kalamu? Treni ikaanza kujivuta. Naye bado alikuwa amekitoa kitabu nje ya dirisha, kimefunguliwa, kidole chake kikinionyesha pa kuandika.