Mlango Niliomfungia Mama wa Sipho

Ipo Ijumaa moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na picha ulizonitumia za nyumba unayotaka kununua huko Leeds zimeirudisha. Matofali mekundu, jiko jipya, bei nafuu. Dalali wako amekueleza kila kitu isipokuwa nani alikuwa akiishi humo. Wangu naye hakunieleza.

Nilikuwa kijana, nauza mapazia Newtown, nikanunua chumba na jiko ghorofa ya saba hapa Hillbrow. Nilijiona nimefika. Salamu nilizotuma Tanga zilijaa majigambo, dada yangu, mama yako, ni shahidi. Nikafukiza ubani, nikasoma dua, nikahamia.

Wiki ile ile, jioni, saa ya watu kutoka kazini, nikasikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Nikafungua. Ukumbini hakuna mtu. Kesho yake tena, saa ile ile. Nikabadilisha kitasa. Kipya kilikuwa laini, hakina kelele, lakini jioni nikasikia mkwaruzo ule ule wa kitasa cha zamani, ambacho nilikuwa nimekitupa kwa mkono wangu.

Ijumaa hiyo nimetoka msikitini, nikasikia hodi. Mama wa Kizulu, mtu mzima, anahema kwa ngazi maana lifti ilikuwa mbovu. Mkononi ana tawi la miiba. Akaniambia kwa Kiingereza chake kidogo, "Nimemfuata mwanangu, Sipho."

Nilipoliona tawi nikajua huu ni uchawi. "Mama, hapa ni kwangu, nimenunua. Hakuna mwanao humu." Nikamfungia mlango usoni. Jumamosi akarudi, nikamfungia. Jumapili asubuhi hivyo hivyo. Ghorofa saba, mwanangu, na magoti yale. Naona haya hata kukusimulia.

Jirani yangu Mkongo, Mama Beya, ndiye aliyenijia juu. "Weye iko namna gani? Mutoto ya ule mama alikufia mu nyumba yako. Kwabo banakamataka ile tawi, banaita roho, banairudisha ku nyumbani. Sasa unamufungia mulango, kijana atafika kwabo namna gani?"

Kumbe kila jioni kuna mtu alikuwa akirudi kutoka kazini. Nilishuka mbio hadi stendi ya teksi za Natal, vile vibasi vya kwenda kwao, naomba Mungu asiwe ameondoka bila mwanawe. Nilimkuta ameketi juu ya begi lake, tawi mapajani.

Akapanda tena ngazi zote. Hakunilaumu. Aliingia moja kwa moja hadi kwenye kona ya dirisha, akaligusisha tawi sakafuni. "Woza, Sipho, siye ekhaya." Njoo, Sipho, twende nyumbani. Kisha akashuka bila kugeuka nyuma wala kusema na yeyote isipokuwa lile tawi: hapa pana ngazi, hapa tunavuka barabara.

Nilimfuata na begi lake hadi stendi, na kwenye teksi alilipia viti viwili. Nilitaka kuweka begi lake kwenye kile kitupu, dereva akanishika mkono. "Hapana, bhuti. Hapo pana mtu."

Jioni ile nilikaa nikiusikiliza mlango hadi magharibi ikaingia. Kimya. Nililia kwa aibu. Nilikuwa nikimwogopa mtu aliyekuwa akitafuta njia ya kwao tu.

Basi mwanangu, kagua paa, kagua mabomba, hayo wewe unayajua kunishinda. Lakini uliza pia nani alitoka humo, na alitokaje. Dalali akikwepa, nenda kwa jirani, msalimie, ukae naye kidogo kabla hujatia saini. Na akija mtu kugonga, hata kama lugha haipandi, hata kama alichoshika kinakutisha, mpishe aingie amchukue wake.

Mungu akupe nyumba yenye heri, akulishe humo, akurudishe kwetu mzima. Na kama siku yako itakukuta huko ugenini, aweke humo mtu mwenye huruma, wa kumfungulia mlango dada yangu.